Ndani ya sayari kubwa za mawe zilizo nje ya mfumo wa jua letu: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Kwa misimu kadhaa sasa tumekuwa tukitandika mkeka na kusimamisha darubini ufukweni, mara Unguja, mara Pemba, katika usiku usio na mwezi. Watu huja kutazama pete za Zohali na miezi ya Mshtarii, lakini wakishaona hayo ndipo maswali yanapoanza. Kule Wete mtoto wa kike wa darasa la sita alinishika kanzu akaniuliza: "Maalim, hizo sayari za mbali, mle ndani mna nini?" Sikutaka kumjibu kwa haraka, na tangu siku ile swali lake nimeulizwa kwa sura nyingi. Haya ndiyo majibu, pamoja na yale yanayolizunguka.

Mnapozungumzia sayari kubwa za mawe, ni zipi hizo?

Ni sayari zinazozunguka nyota nyengine. Ya kwanza kugunduliwa ikizunguka nyota inayofanana na jua ilitangazwa 1995 na Michel Mayor na Didier Queloz, nayo ilikuwa jitu la gesi. Leo zilizothibitishwa zimepindukia 6,000. Katika hesabu hiyo wamo wakaazi ambao jua letu halina hata mmoja wao: sayari zilizo kubwa kuliko dunia lakini ndogo kuliko Neptuni. Wataalamu wa nyota huziita "dunia kubwa". Jina hilo lisikudanganye. Linasema habari ya uzito tu, halisemi kwamba kuna bahari, upepo wala mnazi. Nyengine ni mawe na chuma mpaka juu. Nyengine zimefunikwa na gesi au maji mengi, na kuzitofautisha ndiyo nusu ya kazi yote.

Hakuna aliyefika huko, wala hakuna darubini inayoona ndani ya jiwe. Mnajuaje basi?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na ndilo linalostahili jibu refu.

Tunahitaji vitu viwili: upana wa sayari na uzito wake. Upana tunaupata pale sayari inapopita mbele ya nyota yake na kuziba kidogo ya nuru yake. Mtu aliye mbali akiitazama dunia yetu ikipita mbele ya jua, ataona nuru imepungua sehemu 1 kati ya 12,000 hivi. Ni kidogo mno, lakini darubini ya Kepler, iliyorushwa angani 2009 na kuzimwa 2018, ilijengwa kwa kazi hiyo hiyo, na ikagundua zaidi ya sayari 2,600.

Uzito tunaupata kwa njia nyengine. Mshike mtoto mikono yote miwili umzungushe. Yeye anazunguka mzunguko mpana, lakini na wewe pia huwezi kusimama wima kama nguzo, unayumba kidogo kumfidia. Nyota nayo huyumba hivyo hivyo kwa kuvutwa na sayari yake. Ikija upande wetu, nuru yake huelekea kidogo kwenye buluu, na ikirudi nyuma huelekea kwenye nyekundu, kama honi ya daladala inavyosikika nyembamba inapokuja na nzito ikishakupita. Dunia hulivuta jua kwa kasi ya sentimita 9 tu kwa sekunde, karibu na mwendo wa kobe wa Changuu. Vipimo kama HARPS na ESPRESSO, vilivyoko Chile, vimetengenezwa kunasa miyumbo midogo ya namna hiyo.

Ukishapata upana na uzito, unahesabu ujazo kutokana na upana, unagawa uzito kwa ujazo huo, unapata densiti, yaani kila kipande cha ukubwa fulani kina uzito gani. Usiku mmoja Jambiani nilileta kipande cha jiwe la matumbawe, lile tunalojengea nyumba, na kipande cha nanga iliyovunjika, ukubwa mmoja. Niliwafumba watoto macho nikawapa kimoja kimoja mkononi. Mvulana mmoja alipokishika cha pili mkono ukamshuka, akasema: "Hichi kimejaa." Sijasikia maelezo ya densiti yaliyo bora kuliko hayo. Jiwe la matumbawe lina vijitundu, chuma kimejaa. Dunia nzima, kwa wastani, ina gramu 5.5 kwa kila sentimita ya ujazo, ilhali mawe ya juu ambayo tunayakanyaga hayafiki hata 3. Kwa hivyo ndani lazima pawe na kitu kizito zaidi, na kitu hicho ni chuma.

Kwa hiyo sayari mbili zenye uzito sawa na upana sawa zina ndani sawa?

La. Hapa ndipo habari nyingi za mitandaoni zinapokosea, nami linaniuma, kwa sababu watu huja wakiwa wameshaambiwa kama kwamba kuna mtu aliyeichana ile sayari akaona.

Chukua furushi lililofungwa kwa kanga. Umelipima kwenye mizani, umelipima na upana. Huenda ndani mna sufuria nzito iliyozungukwa na pamba, na huenda mna mchele mtupu. Mizani itasoma vilevile. Sayari yenye kiini kikubwa cha chuma na gesi kidogo juu inaweza kulingana kwa uzito na upana na sayari isiyo na gesi yenye kiini kidogo. Kwa hivyo mtaalamu mwaminifu hutoa orodha ya miili inayowezekana, si mwili mmoja.

Kuna mambo mawili yanayopunguza orodha hiyo. La kwanza ni nyota yenyewe. Sayari na nyota yake vimezaliwa katika wingu moja la gesi na vumbi, na nuru ya nyota hutuambia ina chuma, magnesi na silikoni kwa uwiano gani. Mara nyingi uwiano huo hukaribiana na wa sayari. La pili ni la kusikitisha kidogo: kuna nyota zilizokwisha kufa, zikabaki makaa meupe madogo, na baadhi yake zimemeza vipande vya sayari zao zilizovunjika. Vumbi la vipande hivyo huonekana katika nuru yao. Humo tumekuta chuma, magnesi, silikoni na oksijeni, kwa viwango ambavyo mara nyingi havitofautiani sana na mawe ya kwetu.

Ndani mmepangwaje, basi?

Aliyewahi kukuna nazi anajua. Ukilikamua tui ukaliacha limetulia bakulini, baada ya muda lililo zito la mafuta linapanda juu na majimaji yanabaki chini. Kila kitu kimekwenda mahali pake kulingana na wepesi wake. Sayari ya mawe inapozaliwa huwa imeyeyuka kwa joto la migongano, na chuma, kwa kuwa ni kizito, huzama mpaka katikati. Mawe hubaki juu yake. Ganda jembamba hugandia juu kabisa.

Katika dunia yetu tabaka la mawe linashuka hadi kina cha kilomita 2,890. Baada ya hapo kuna chuma kilichoyeyuka, na katikati kabisa, kuanzia kilomita 5,150, kuna kiini cha ndani alichokigundua Inge Lehmann wa Denmark 1936, nacho ni chuma kigumu. Kiini chote ni kama theluthi ya uzito wa dunia. Haya tumeyajua kwa matetemeko ya ardhi. Wengi wetu tunalikumbuka tetemeko la Agosti 2020 lililotikisa pwani yetu. Mawimbi ya matetemeko kama lile hupita ndani ya dunia, hupinda na kurudi, na vipimo vilivyotawanywa duniani huyasoma. Kwenye sayari za mbali hatuna hata kipimo kimoja cha tetemeko, kwa hivyo tunaanza na umbo la dunia kisha tunalirekebisha kwa hesabu. Kwa nyingi zilizopimwa vizuri, umbo hilo la theluthi moja chuma na theluthi mbili mawe linakubalika.

Kama ni mawe na chuma vilevile, si ni dunia tu iliyoongezwa ukubwa?

Hapana, na hili ndilo ninalotaka msomaji aondoke nalo hata akisahau mengine. Ukubwa wenyewe hulibadilisha jiwe.

Muulize mzamiaji yeyote. Kila akishuka mita 10 anaongezewa mgandamizo sawa na hewa yote iliyo juu yetu. Masikio humjulisha mapema kabla ya jicho. Sasa usishuke mita 10 wala 100, shuka kilomita 6,371 mpaka katikati ya dunia: mgandamizo ni karibu mara milioni 3.6 ya ule wa hewa tunayoivuta. Katika sayari yenye uzito wa dunia 10, hesabu hutoa makumi ya mamilioni.

Jiwe likibanwa hivyo halibaki lile lile. Chembe zake hujipanga upya ili zibanane zaidi. Katika dunia yetu sehemu kubwa ya tabaka la mawe ni madini yanayoitwa bridgmanaiti, yaliyopewa jina 2014 kwa heshima ya Percy Bridgman, aliyeitumia maisha yake kubana vitu maabara. Chini zaidi, karibu na kiini, hugeuka kuwa madini mengine, posti-perovskaiti, ambayo hayakujulikana mpaka 2004. Kwetu hiyo ni safu nyembamba iliyo mwisho kabisa. Katika dunia kubwa huenda ndiyo ikawa sehemu kubwa ya sayari. Na ukishuka zaidi, pale mgandamizo unapofika mara milioni 10 hivi, hesabu zinaonesha hata hayo hayahimili, yanaachana na kuwa vitu ambavyo havipo popote ndani ya dunia yetu. Oksidi ya magnesi, ambayo kwetu ni kihami cha umeme, ikibanwa na kuchemshwa vya kutosha huyeyuka na kuanza kupitisha umeme kama madini ya waya.

Jiwe lile lile, limekuwa kitu chengine.

Sayari yenye uzito mara mbili ni pana mara mbili?

Hata kidogo. Upana huongezeka polepole kuliko uzito, na kubanwa huko huupunguza zaidi. Uzito ukiwa mara 10, upana wa sayari ya mawe unakaribia mara 1.9 tu ya dunia.

Na mipaka yake ni ipi? Jiwe linaweza kuwa kubwa kiasi gani?

Sayari nyingi zenye upana chini ya mara 1.6 ya dunia ni za mawe. Zikizidi hapo, nyingi huwa zimevaa gesi au zimebeba maji mengi. Mwaka 2017 ilionekana wazi kwamba kati ya mara 1.5 na mara 2 kuna pengo, sayari ni chache. Inaelekea nyingi za chini ya pengo ni viini vilivyovuliwa gesi zao kwa joto.

Maabara wanawezaje kufika kwenye mgandamizo huo?

Kuna njia mbili. Moja ni almasi mbili zilizochongwa ncha, zikiminya chembe ndogo kuliko punje ya mchanga. Nyengine ni leza. Huko California, katika maabara ya Livermore, leza zenye nguvu mno zimekipiga chuma na kukifikisha mgandamizo wa mara milioni 14 ya hewa, matokeo yaliyochapishwa 2018. Inadumu sehemu ndogo mno ya sekunde, kisha chuma kinatawanyika. Katika kufumba na kufumbua huko, mtu amekiona kiini cha sayari ambayo hatafika.

Tupeni mfano wa sayari moja.

Chukua 55 Cancri e, iliyo umbali wa miaka ya nuru 41, yaani nuru yake hutumia miaka 41 kutufikia. Uzito wake ni kama dunia 8, upana wake karibu mara 1.9. Inaizunguka nyota yake kwa saa 18 tu: mwaka wake haufiki siku yetu moja.

Densiti yake ni kama gramu 6.7. Msomaji atasema: imepita dunia, basi ni nzito, ina chuma kingi. Subiri. Kumbuka kubanwa. Jiwe na chuma vya dunia vikirundikwa hadi uzito wa dunia 8, vitabanana mpaka densiti ipindukie 8. Hii ina 6.7. Kwa hivyo ni nyepesi kuliko ilivyotakiwa. Ama chuma chake ni kichache, ama kuna kitu chepesi kimeongezwa juu. Mwaka 2024 darubini ya James Webb ilionesha dalili za hewa nzito ya kaboni inayoizunguka, na fikra iliyopo ni kwamba hewa hiyo hufuka kutoka kwenye bahari ya mawe yaliyoyeyuka. Upande unaoitazama nyota una joto la kuyeyusha jiwe. Kwa maneno mengine, yaliyomo ndani yanapanda juu, nasi tunayanusa kwa mbali.

Linganisha na LHS 3844 b, yenye upana mara 1.3 ya dunia. Mwaka 2019 ilipimwa joto lake, ikaonekana ni jiwe tupu lisilo na hewa nzito.

Je, kuna sayari ya chuma kitupu?

Zipo zinazokaribia. GJ 367 b ni ndogo kuliko dunia, lakini densiti yake inafika gramu 10, karibu mara mbili ya kwetu. Inafanana na Utaridi iliyotiwa chumvi: kiini kikubwa, mawe machache juu. Pengine mgongano uliivua ganda.

Na maji? Kuna sayari ya bahari tupu?

Bwana mmoja wa Nungwi, mvuvi, alitaka kujua kina chake. Nilimwambia: bahari yetu ina maji chini ya asilimia 0.1 ya uzito wa dunia. Ikiwa sayari ina asilimia 10, kina kitakuwa cha mamia ya kilomita, na maji ya chini hayatakuwa maji. Yatabanwa mpaka yawe barafu, hata yakiwa moto. Akanitazama kwa muda. "Barafu ya moto?" Ndiyo, mzee wangu, inaitwa barafu ya VII, na maabara wanaitengeneza.

Lakini si lazima maji yakae juu. Hesabu za 2024 zinaonesha kwamba katika sayari kubwa maji mengi huweza kunyweshwa ndani ya mawe na chuma wakati vyote vimeyeyuka. Kwa hivyo sayari inaweza kuonekana kavu, kumbe imeyabeba tumboni.

Wengi huuliza kuhusu K2-18 b, kwa vile habari zake zilivuma 2025. Ina uzito wa dunia karibu 9 na upana mara 2.6, densiti chini ya gramu 3. Hiyo si sayari ya mawe matupu. Huenda ina bahari chini ya hewa ya haidrojeni, huenda chini ya hewa hiyo mna mawe yaliyoyeyuka, na dalili za uhai zilizotangazwa bado zina ubishi mkubwa. Ningependa sana ziwe kweli. Kupenda si ushahidi.

Sumaku ina umuhimu gani?

Mkubwa. Chuma kinachochemka na kuzunguka ndani ya dunia ndicho kinachotengeneza sumaku yetu, ile iliyowaongoza manahodha wenye dira, na ambayo hutukinga na chembe kali za jua. Je, viini vya dunia kubwa huyeyuka au hugandia mapema? Mwaka 2022 watafiti wa Livermore walipima chuma kinavyoyeyuka hadi mgandamizo wa mara milioni 10, wakakadiria kwamba sayari zenye uzito wa dunia 4 hadi 6 ndizo zinazoweza kuiweka sumaku muda mrefu zaidi. Ni makadirio, lakini yamesimama juu ya kipimo.

Ardhi yao hutembea kama ya kwetu?

Mwaka 2007 kundi moja la watafiti lilihesabu kwamba mabamba ya ardhi, yaani vipande vikubwa vya ganda la sayari, hayana budi kutembea kwenye sayari kubwa. Mwaka huo huo kundi jengine likahesabu kwamba yatakwama. Ubishi huo haujesha.

Ningesimama huko ningehisije?

Kwenye sayari ya mawe yenye uzito wa dunia 5, mvuto ni kama mara 2 ya kwetu. Mchumaji wa karafuu wa kilo 60 angepanda mkarafuu akiwa kama amebeba mwenzake mgongoni, tangu shina mpaka kilele. Milima nayo ingekuwa mifupi.

Kuna sayari yenye jina la kwetu?

Ipo. Mwaka 2019, nchi zilipopewa nafasi ya kutaja nyota, Tanzania iliita nyota WASP-71 Mpingo na sayari yake Tanzanite. Ila Tanzanite ni jitu la gesi, nzito kuliko Mshtarii. Haimo katika ukurasa huu isipokuwa kwa fahari.

Kuchungulia mambo haya si kuingilia kazi ya Mungu?

Aliyeniuliza ni mzee ninayemheshimu sana, baada ya sala ya isha. Nilimjibu kwamba wazee wetu waliitafuta kibla kwa nyota na kuvuka bahari kwa nyota, na kila siku tunamsifu Mola wa walimwengu wote. Alinyamaza, kisha akaniomba zamu yake kwenye darubini.

Ninaweza kuona nyota yoyote yenye dunia kubwa, bila darubini?

Unaweza. Desemba, saa tatu usiku, simama pahala pasipo na taa, uelekee kusini. Katikati ya upeo wa bahari na utosi wa mbingu, katika kundi refu la nyota linaloitwa Mto, iko 82 Eridani, hafifu lakini inaonekana, umbali wa miaka ya nuru 20. Mapema 2025 ilithibitishwa kwamba inazungukwa na sayari yenye uzito wa dunia 6 hivi au zaidi, kwa siku 647. Sayari hiyo haijaonekana ikipita mbele ya nyota yake. Kwa hivyo tunajua inavyoivuta nyota yake, upana wake hatunao, na swali la yule mtoto wa Wete, kwa sayari hiyo, bado liko wazi.